Funda la Maji

Siku ya tatu pampu ya Usoke ilikuwa imenuna.
Mkono unapanda, unashuka,
kinachotoka ni kikohozi chenye harufu ya kutu.
Ndoo zilipanga foleni bila wenyewe,
kila moja na jiwe ndani, kulinda zamu.

Nyamizi alikuja kwa baiskeli kutoka upande wa reli,
spana ndani ya mfuko wa saruji,
khanga kaikaza kiunoni kama aendaye kugombana.
Aliigonga pampu mara mbili, akatega sikio,
mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo.

Mimi nilikuwa na ndoo moja na swali moja.
Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita,
Juni nastaafu, na kuna maneno bado yananidai.
Nikamuuliza: Fundi, jina lako hili limetoka wapi?
Akasema: Shika hapa.

Nikashika. Bomba lilikuwa na utelezi wa kambare.
Nikaendelea, maana mwalimu akishikishwa kitu
mdomo hubaki huru:
wapo wasemao ni kufunda,
mwali huwekwa ndani akafundwa,
basi fundi ni aliyekaa kwa mtu hadi akaiva.
Ipo na kufunda ya kinu,
kuponda kitu mpaka kisahau umbo lake.
Ipi mama, ipi binti, sijui. Halafu lipo fundo,
nalo linafanana nao sura,
lakini kufanana siyo udugu, na

Mwalimu, inua.
Siyo kwa mgongo. Kwa miguu.

Nikainua kwa miguu.

Kwenye mkono wa pampu mtu alikuwa amefunga katani,
ile ya tumbaku, mafundo saba yamekumbatiana.
Nyamizi aliyaingia kwa meno.
Huko ndiko kufundua, nikamwambia, nimefurahi kweli.
Akatema uzi.
Huko ni kusafisha uchafu wa asiyeweza kungoja.

Nikamkumbusha kwamba kungoja nako kuna mipaka:
cherehani wa Urambo alinishonea suti ya harusi,
ikafika siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa pili.
Naye tunamwita fundi. Neno halikatai mtu.
Hapo alicheka, mara moja tu, mkono ndani ya bomba,
akatoa washa ya ngozi
iliyolika kama sikio la mbwa mzee.

Mpya aliikata palepale, kutoka kwenye mpira.
Niliutambua, ni ule wa darasa la saba,
uliopasuka tukifungwa nne bila na Tumbi.
Hakupima kwa rula.
Aliuzungusha wembe, akaweka, akatoa,
akapunguza kidogo kama kucha, akaweka.
Muda wote huo sikusema neno.
Mke wangu hataamini.

Maji yalikuja ya tope, kisha ya chai,
kisha meupe.
Akakinga kiganja, akayavuta mdomoni,
mashavu yakajaa, macho akayafumba.
Sasa niambie, nikasema,
wewe mwenyewe unadhani jina limetoka wapi?
Akainua kidole: ngoja.
Hangeweza kujibu. Alikuwa na funda zima la maji,
analipeleka shavu hili, analirudisha lile,
anasikiliza kutu kwa ulimi.
Nami nikasimama pale na daftari langu la kichwani,
nimesahau kabisa kwamba hilo nalo
huitwa funda.

Akatema pembeni. Bado kidogo, akasema.
Pampu mara arobaini, ndipo watu wachote.

Nikapampu. Kwa miguu, siyo kwa mgongo.
Kufika thelathini na moja jasho limeniingia machoni,
nikasikia mtoto wa ndoo ya njano:
Shikamoo, fundi.

Niligeuka kumtafuta Nyamizi aitikie.
Palikuwa na alama ya tairi, na jiwe la zamu ya mtu.
Nikasema marahaba.
Thelathini na mbili.